Nyumba Iliyofukuza Utamu

Sukari yote ya nyumba ile ilimwagwa chooni siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Aliyeimwaga ni mwenye nyumba mwenyewe, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Sukari ilipokwisha akafuata chupa ya asali, akafuata kopo la maziwa mazito, kisha peremende mbili zilizokuwa zimejificha kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo na bobini. Mama yake mzazi, kikongwe asiyebakiwa na jino hata moja upande wa juu, alisimama mlangoni akiwa na kikombe chake mkononi.

"Mwanangu," akasema, "hicho choo nacho kinaumwa nini mpaka ukinyweshe asali?"

Fundi hakucheka. Alikuwa ametoka hospitali na binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na mitatu waliyemwita Kinanda kwa sababu alianza kuimba kabla hajajua kusema vizuri. Siku sita mtoto alilazwa, na daktari akasema ni kisukari. Kuanzia hapo atachomwa sindano kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni.

Neno kisukari Fundi hakuhitaji kuelezwa. Ndilo lililomla mume wake kidogo kidogo. Lilianza na kidole gumba cha mguu, likapanda mpaka goti, likahamia kwenye macho, mwisho likamchukua mzima mzima. Na mkono uliokuwa ukimkorogea chai vijiko vitano ulikuwa mkono wake yeye Fundi. "Ongeza kidogo, mke wangu, bado haijanoga," mume angesema, naye angeongeza huku akicheka. Siku ya mazishi, wifi yake alimwambia mbele za watu, "Kaka yangu umempenda kwa kijiko mpaka umemmaliza." Watu walijifanya hawakusikia. Fundi alisikia, na hadi leo anasikia.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba mtoto naye anao ugonjwa huo, aliapa moyoni kwamba huyu hamziki. Nesi wa wodi alikaa naye karibu nusu saa akimweleza mambo mengi: namna ya kutunza dawa mahali pa baridi, mahali pa kuchoma, chakula cha kiasi gani na saa ngapi, na kwamba ugonjwa wa mtoto si sawasawa na ule wa baba yake. Fundi alishika sentensi ya kwanza tu: sukari ikipanda sana inaua. Mengine yote yalimpita kama mvua inayopiga bati, akasikia kelele bila maneno.

Baada ya sukari kuondoka, ikafuata zamu ya neno lenyewe.

Ilianza hivi. Kinanda alikuwa mezani akifunua viazi kwenye sufuria, akasema, "Bibi, viazi vya leo vitamu kweli." Fundi akasimamisha cherehani katikati ya pindo.

"Umesemaje?"

"Nimesema viazi vitamu, mama. Si ndilo jina lake?"

"Kuanzia leo hilo neno sitaki kulisikia humu ndani. Ukilitaja unalitamani, na ukilitamani utalitafuta."

"Sasa viazi tuviiteje?" akauliza Bibi.

"Viiteni viazi."

"Na vile vingine?"

"Navyo viazi."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, tumekwisha. Kesho tutakatazwa kusema chumvi."

Mwanzoni walifanya mzaha. Bibi akiamka husema, "Nimelala usingizi wa kile kitu." Kinanda akirudi kutoka kisimani, "Maji ya leo si ya chumvi, ni ya lile jina." Mteja mmoja, mama mnene aliyependa kuja kupimwa hata kama hana kitambaa, aliingia siku moja akijipepea, akasema, "Fundi, leo nina umbea mtamu!" Fundi, pini zikiwa mdomoni, akamjibu, "Kwangu useme una umbea tu." Yule mama alicheka mpaka tepu ya kupimia ikamdondoka kiunoni, akadhani ni utani. Hakujua kwamba redio ya nyumba ile ilizimwa kila mtangazaji alipoahidi burudani tamu, wala kwamba Kinanda alikatazwa kwenda kwaya kwa sababu mwalimu alimwandikia kwenye daftari, "Sauti tamu sana, aendelee."

Ukitaka kujua neno limetanda kiasi gani, jaribu kulitoa nyumbani kwako. Fundi alishangaa alivyolikuta kila mahali: kwenye usingizi, kwenye maji, kwenye harufu ya sabuni, kwenye maneno ya watu, hata kwenye mpira. Alilikuta mpaka kichwani mwake mwenyewe, pale alipomtazama binti yake akichana nywele na kutaka kumwambia ana tabasamu la namna gani. Akameza. Badala yake akamwambia, "Kaa vizuri."

Halafu akatoka kwenda kwa wenye maduka. Mtaa ule una maduka manne, na yote manne aliyapitia. "Mtoto wangu akija hapa, au mama yangu, msiwauzie sukari, wala soda, wala biskuti. Mkiwauzia, mjue mmeniulia." Ili kuhakikisha, wiki ya pili alimtuma Bibi kwa yule muuza duka wa kona akanunue robo ya sukari, amwone atafanya nini. Muuza duka alipoitoa tu, Fundi akatokea nyuma ya Bibi akamtukana mpaka wateja wakajaa. Tangu siku hiyo muuza duka alimwogopa kuliko wakaguzi wa mizani.

Mwezi wa kwanza ukapita. Siku ya kurudi kliniki iligongana na sare za shule. Fundi alikuwa na mashati arobaini ya kukabidhi kesho yake, kola hazijawekwa, na mkuu wa shule ameshapiga simu mara tatu. Wifi yake, dada wa marehemu, ambaye ni msusi upande wa pili wa mji, akasema, "Nitampeleka mimi. Ni damu yangu pia." Fundi hakupenda, lakini kola haziwezi kujishona.

Jioni walirudi, na shangazi mtu akataka kukaa aeleze yaliyosemwa. Fundi hakusimamisha mguu kwenye kikanyagio.

"Wifi, nesi amesema kuna jambo muhimu..."

"Amepimwa? Ngapi?"

"Saba. Lakini nisikilize..."

"Saba ni kubwa. Nitapunguza mkate."

"Saba si mbaya, jamani. Nesi amesema chakula kisipunguzwe ovyo, maana sindano inashusha, na..."

"Wifi, ulinifundisha siku ya mazishi. Somo moja limenitosha."

Msusi yule akachukua mkoba wake, akambusu mtoto kichwani, akaondoka.

Siku tatu baadaye Fundi alikuwa akitafuta rula kwenye mfuko wa shule wa Kinanda, akakuta peremende nane zimefungwa kwenye karatasi safi ya hospitali. Zilikuwa nyekundu, zinanukia tangu kwenye karatasi.

"Kinanda! Njoo hapa. Hizi nini?"

Mtoto alizitazama, akatazama chini. "Ni dawa, mama."

"Dawa? Hizi dawa?"

"Nesi ndiye alinipa, mbele ya shangazi. Alisema nikijisikia natetemeka, au jasho linanitoka, nile mbili haraka, halafu..."

"Tangu lini dawa ikawa namna hii? Dawa zote nilizokunywesha tangu unazaliwa, kuna uliyoilamba ukaomba nyingine? Dawa huwa chungu, mwanangu. Ndiyo maana inaitwa dawa."

"Mama, naomba usizitupe."

"Ni shangazi yako, si ndiyo? Anataka umpende yeye. Mimi nikupe uchungu, yeye akupe..." Neno likamfika kwenye ulimi, akalirudisha.

Bibi akaingilia, "Mbona usimpigie nesi umuulize?"

Fundi alimpigia wifi badala ya nesi. Simu ilipopokelewa alianza bila salamu. "Ulimzika kaka yako ukanilaumu mimi. Na huyu nikimzika nimlaumu nani?"

"Wifi, tulia, nisikilize. Sukari ina kupanda na ina kushuka, na kushuka..."

"Kushuka ndiko ninakokutaka mimi!" akasema Fundi, akakata simu.

Peremende zilikwenda kulekule zilikokwenda zile za mwanzo. Na kuanzia hapo kila jioni kabla ya kula, Kinanda alipewa kikombe cha majani machungu yaliyochemshwa, akayanywa macho yamefumba, na mama yake akiona uso unavyokunjamana anapata amani. Uchungu ule aliuona kama ukuta, na nyuma ya ukuta mtoto wake yuko salama.

Asubuhi, kabla ya sindano, walipima kwa ile mashine ndogo. Tone la damu, kijiti, namba. Sita. Sita na nusu. Tano. Kila namba iliposhuka Fundi alipiga kofi la furaha, na kipande cha mkate cha kesho yake kikawa chembamba zaidi. Kinanda alianza kukonda shingo. Shuleni alikuwa akisinzia darasani. "Afadhali mwembamba," alisema Fundi. "Baba yako alikuwa mnene."

Ikafika Jumamosi moja. Saa moja asubuhi Kinanda alichomwa sindano yake kama kawaida, kipimo kilekile cha siku zote. Alikula kipande kimoja cha mkate na chai ya rangi isiyo na kitu. Saa tatu mama yake akamtuma mjini akanunue zipu ya inchi nane, rangi ya kijani kilichoiva, ya gauni la mteja atakayekuja saa saba. Akaenda kwa miguu, akarudi na kijani cha majani machanga. Fundi akaiweka juu ya kitambaa, akasonya. "Wewe huoni? Rudi." Akarudi, jua limeshapanda.

Saa sita ilikuwa inakaribia alipoingia mara ya pili. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau amefuata nini. Jasho lilikuwa likimtoka mpaka kola ya gauni imelowa. Akatoa zipu mfukoni, ikamdondoka, akainama kuiokota, akaikosa, akainama tena.

"Mama, nina njaa."

"Chakula saa saba. Vumilia."

"Naona kizunguzungu." Akacheka kicheko kisicho na maana. "Mwalimu, naomba nikae."

"Nani mwalimu? Unanichezea?"

Kinanda akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa. Mikono ilikuwa inatetemeka, anaushika mmoja kwa mwingine, yote inatetemeka. Fundi akaacha cherehani, akapiga magoti, na jambo la kwanza alilofanya ni kumshika mtoto kidevu na kumnusa mdomo.

"Umekula nini huko mjini? Sema kweli. Umekula nini?"

"Sijala."

"Umekula! Sukari imekupanda, ndiyo maana."

"Mpime basi," akasema Bibi kutoka kwenye kiti chake. "Wewe kazi yako kunusa. Mashine ya nini?"

Fundi akachukua mashine. Kidole cha mtoto kilikuwa baridi na chenye maji, damu ikachelewa kutoka. Akasubiri. Namba ikatokea: mbili, nukta, moja.

Mama mwenzangu unayesoma, hapa usiruke hata mstari. Fundi aliitazama namba ile, na mwili wake wote ukalegea kwa shukrani. Mbili! Haijawahi kushuka namna hii. Alishika mashine kwa mikono miwili, akasema kwa sauti, "Asante Mungu wangu. Asante."

"Si sukari, mama," akamwambia Bibi. "Ni uchovu tu, ni hilo jua. Sukari yake leo ni nzuri kuliko siku zote."

"Mbona anatoka jasho hivyo?"

"Ametembea mara mbili. Ni kosa langu, nimemchosha."

Akambeba binti yake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akamvua viatu. Kinanda alikuwa akisema kitu, ulimi umekuwa mzito. Fundi akainamisha sikio.

"Nataka... tamu. Mama. Nataka tamu."

"Shh. Usilitaje hilo. Lala kidogo, ukiamka utakuta chakula."

Akamfunika kanga, akavuta pazia, akarudi kwenye zipu. Aliishona yote. Hata mishono yake ilikuwa imenyooka, kwa furaha aliyokuwa nayo.

Ni Bibi aliyesikia kitanda kikigonga ukuta.

Walipoingia, mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka meupe, mkono unapiga ubao wa kitanda mfululizo. Fundi alipiga yowe la jina lake. Bibi, ambaye hakwenda kliniki hata siku moja, ambaye hakujua kupanda wala kushuka, akasema maneno aliyoyasikia kwa mjukuu wake siku ile ya peremende. "Kutetemeka na jasho! Alisema akitetemeka apewe zile! Sukari iko wapi?"

Haikuwepo. Wakafungua kabati, kopo la chai, droo. Hapakuwa na chembe. Chupa ya asali ilikuwa imeshaoshwa na kutiwa mafuta ya cherehani.

Kikongwe akatoka na fimbo yake, kichwa wazi, mbio ambazo hajakimbia miaka ishirini. Muuza duka wa kona alimwona anavyokuja, akaweka mikono nyuma.

"Sukari! Haraka, nipe sukari!"

"Bibi, usinitafutie balaa. Fundi yuko nyuma ya mti gani safari hii?"

"Mtoto anakufa!"

"Hata siku ile ya robo ya sukari ulikuja peke yako hivi hivi." Akachungulia kulia na kushoto, nusu anacheka. "Mwambie atoke tu, nimeshamjua."

Bibi akapiga fimbo kwenye meza, vikombe vya mizani vikaruka, na hapo ndipo yule mtu alipouona uso wake. Akachota sukari kwa kiganja bila kupima, akaitia kwenye gazeti, akatoka naye akikimbia mbele yake. Lakini dakika zilikuwa zimeshakwenda. Waliporudi, meno ya mtoto yalikuwa yamebanana, hajijui, na hata mjinga asingethubutu kumtia kitu mdomoni. Muuza duka ndiye aliyembeba mpaka barabarani na kusimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitali walimkuta nesi yuleyule. Alimchoma Kinanda mkononi, akafungulia chupa ya maji ya sukari, akamwangalia kwa muda mrefu kabla hajamgeukia mama.

"Mlimpima?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa ngapi?"

"Mbili nukta moja."

"Saa ngapi?"

"Kama saa sita hivi."

Nesi akatazama ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. "Na ulipoiona hiyo mbili ukafanya nini?"

"Nilimshukuru Mungu," akasema Fundi.

Nesi hakumkemea. Labda angemkemea ingekuwa nafuu. Alivuta kiti, akaanza kueleza upya, taratibu, kwamba sindano inashusha sukari, na ikishuka kupita kiasi ubongo unakosa chakula, na kwamba kijiko kimoja cha sukari pale mwanzoni, akiwa bado anaongea, kingetosha. Kijiko kimoja. "Zile peremende nilizompa ziko wapi?" akauliza.

Kinanda alizinduka siku ya pili. Hakukumbuka zipu, hakukumbuka Jumamosi, na kwa wiki nzima alikuwa akitafuta majina ya vitu vya kawaida, anaonyesha kijiko kwa kidole na kusema "kile, kile". Polepole yakarudi, mengi yake. Nesi alimletea bilauri ya maji ya matunda, na Fundi aliyekuwa ameketi pembeni akanyoosha mkono kuizuia kabla hajajijua. Ni kitendo kidogo, mkono ulirudi palepale. Lakini mtoto alikiona. Alikunywa akiwa amemgeuzia mama yake mgongo.

Siku ya kuruhusiwa waliletewa fomu. Shangazi mtu alikuwepo, amesimama mguuni mwa kitanda, mkono umeshika chuma.

"Hapa naandika msimamizi wa dawa," nesi akasema. "Mtu atakayempima, atakayekaa na vifaa vyake, nitakayempigia simu. Niandike nani?"

"Mimi," akasema Fundi.

Kinanda alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Shangazi," akasema. "Naomba nikae kwa shangazi."

Wifi mtu hakuonyesha furaha yoyote, alimtazama Fundi kwa macho mekundu. "Wifi, mimi sijamfundisha. Haki ya Mungu sijamwambia neno."

"Najua," akasema Fundi. Na kweli alijua. Akamgeukia binti yake. "Unaniogopa, mwanangu?"

Mtoto alifikiri sana, kama anavyofikiri siku hizi. "Sikuogopi, mama. Ila nilikwambia."

Nesi akaandika. Chini palikuwa na nafasi ya mzazi kukubali, na Fundi akaweka jina lake kwa herufi zile za darasa la saba, moja moja.

Sasa huenda kila Jumapili upande wa pili wa mji. Kinanda humkaribisha vizuri, humpokea mkoba, humletea maji. Chai yenye sukari inawekwa mezani na Fundi huinywa, ingawa haimpiti vizuri. Wanaongea habari za shule, za Bibi, za wateja. Halafu, akiwa amejizuia kadiri anavyoweza, huuliza kile kilichomleta.

"Leo asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Nzuri tu, mama."

"Nzuri ngapi?"

Kinanda humtazama shangazi yake, shangazi hutazama vitana vyake. "Nzuri," mtoto hurudia kwa adabu, na kumwongezea chai.